Mapigo ya Mashine Kongwe

Mashine ya kuchonga chuma ya Bridgeport, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 katika mji wa jina hilo huko Connecticut, Marekani, iliundwa kwa chuma cha kusubu kizito na kitulivu, hata ikawa fundi anayeitia mafuta kwa wakati wake, akabadilisha nati zilizolika na kukwangua upya reli zake, aweza kuwaachia wajukuu chombo kilicho karibu na uzima wake wa kwanza. Kompyuta iliyofungwa ubavuni mwake miaka mingi baadaye, mafundi wa warsha za nyumbani walipoitia mota ili ifuate amri za tarakimu, haikujaliwa umri kama huo. Na programu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo hudumu muda mfupi zaidi. Kutokana na tafauti hii ya umri, watu wengi huhangaika kutafuta kompyuta kuukuu inayofanana na iliyokufa, ilhali amana iliyostahili kulindwa ni mambo mawili tu: wakati wa mapigo, na tarakimu chache zinazoeleza tabia ya mashine.

Mota ya hatua inayotumika katika warsha hizo aghalabu humaliza mzunguko mmoja kwa hatua 200. Tuseme kiendeshi chake cha umeme hugawa kila hatua mara 8, na parafujo linaloisukuma meza huisogeza milimita 5 kwa kila mzunguko: basi kila milimita hudai mapigo 320, na meza ikienda kwa kasi ya milimita 3,000 kwa dakika, kompyuta hupaswa kutoa mapigo 16,000 kila sekunde, yaani pigo moja kila baada ya mikrosekunde 62.5. Hesabu hiyo haiishindi hata kompyuta yenye miaka ishirini. Linaloishinda, na mara nyingi huishinda kompyuta mpya zaidi kuliko kuukuu, ni kushika wakati. Kwani pigo moja likichelewa mikrosekunde 30, na lile linalofuata likaja saa yake, mota huwa imeamriwa ghafla kwenda karibu mara mbili ya mwendo wake, jambo ambalo uzito wa meza haulikubali, ikasikika ngurumo fupi, mota ikateleza, na programu, kwa kuwa haina habari ya yaliyotokea, ikaendelea kuchonga mahali pasipo pake.

Ndiyo sababu poti ya printa, ambayo kwingine imesahauliwa, bado ina heshima katika warsha. Ina nyaya 12 za kutoa amri na 5 za kupokea habari, na programu huziwasha na kuzizima moja kwa moja bila mpatanishi. Poti ya USB hupanga mazungumzo yake kwa vipindi vya milisekunde moja, na katika milisekunde moja mashine tuliyoipigia hesabu ilikwisha kustahili mapigo 16; wala kebo ya kugeuza USB kuwa poti ya printa haifai kitu hapa, maana yajua kuzungumza na printa peke yake.

Programu ya Mach3, iliyoenea sana katika warsha hizi, ilitatua tatizo la wakati kwa kujipenyeza chini ya Windows na kujitwalia saa yake yenyewe, ikipiga mara 25,000 kwa sekunde. Hila hiyo ilifaulu, lakini iliifunga programu hiyo, kila itumiapo poti ya printa, kwenye Windows ya biti 32; na wengi waliitumia na Windows XP, ambayo ilitoka mwaka 2001 na kuachwa bila matengenezo tarehe 8 Aprili 2014. Anayetaka kubaki nayo aiondoe kompyuta hiyo katika mtandao kabisa, na anakili diski yote, kila biti, kwenye kadi ya CompactFlash, ambayo huzungumza lugha ileile ya diski za zamani na hukubali kufungwa mahali pake kwa kiunganishi sahili. Aangalie pia betri ndogo ya CR2032 iliyo juu ya ubao mkuu. Betri hiyo ikiisha, mipangilio ya msingi husahauliwa, njia za kuokoa umeme zilizokuwa zimezimwa hujiwasha tena, na mashine iliyochonga vizuri jana huanza leo kupoteza hatua pasipo sababu ya dhahiri. Kapasita zilizovimba vichwa, maradhi mashuhuri ya bao za miaka ya mwanzo ya karne hii, zibadilishwe kabla hazijapasuka.

Hayo yote ni matunzo mema, ila ni matunzo ya kitu kinachokwenda kufa. Mimi naipenda zaidi njia ya LinuxCNC, na mapenzi hayo yana hoja. Programu hiyo ilianza miaka ya 1990 katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikiitwa EMC. Na kwa kuwa kazi za serikali hiyo hazifungwi na hakimiliki nchini mwake, watu wa kawaida waliichukua, wakaiendeleza, na jina lake la sasa likashika mahali pa lile la zamani. Msimbo wake u wazi, hivyo hakuna kampuni ambayo kufungwa kwake kutaifunga mashine ya mtu.

Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba humfundisha fundi kuipima kompyuta kabla ya kuiamini. Kuna jaribio la ucheleweshaji linaloachwa likiendelea muda mrefu, huku mtu akiielemea kompyuta kwa makusudi: ananakili mafaili makubwa, anaburura madirisha, anachezesha picha zinazozunguka. Ucheleweshaji mkubwa kabisa usipozidi mikrosekunde 20, kompyuta hiyo ni njema kwa kutoa mapigo yenyewe; ukiwa kati ya 30 na 50 kazi itafanyika, ingawa kwa mwendo wa kiasi; ukifika 100, kompyuta hiyo haifai kwa kazi ya poti ya printa, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Anayeona tarakimu mbaya asikate tamaa upesi. Azime kwanza njia za kuokoa umeme, atenge kiini kimoja cha prosesa kwa ajili ya mapigo peke yake, kisha achunguze kama ubao mkuu una desturi ya kuinyang'anya programu prosesa kwa siri, kwa shughuli zake wenyewe za kulinda joto na kibodi; bao za namna hiyo zipo, na aghalabu dawa yake ni kuziacha. Kompyuta ya mkononi huanguka katika jaribio hili mara nyingi, na hata inayofaulu, kama inayo poti, huenda ikatoa volti 3.3 mahali ambapo kiendeshi kinangoja 5.

Yamkini jaribio likashindikana kabisa. Hapo ndipo panapofaa kadi za Mesa, ambazo hutengeneza mapigo ndani yake zenyewe, kompyuta ikabaki kuzipelekea amri kila milisekunde kwa waya wa mtandao. Mzigo wa kushika wakati hupungua mno, na kompyuta ikifa yaweza kubadilishwa na nyingine isiyofanana nayo hata kidogo.

Katika kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine, kinachopaswa kuvuka salama ni tarakimu: mapigo kwa milimita, mwendo wa juu, mchapuko, urefu wa pigo, muda wa kungoja baada ya kugeuza upande, na kiasi cha ulegevu wa nati. Mach3 huziweka katika faili la XML, LinuxCNC katika faili la ini linalosomeka kwa macho. Ziandikwe pia kwa wino katika karatasi, ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la umeme. Tarakimu za kale zisichukuliwe kwa imani tupu. Ulegevu hasa huongezeka kadiri nati inavyolika, na ulioandikwa miaka kumi iliyopita si wa leo.

Baada ya kuhama, mashine hupimwa kwa saa ya kupimia iliyosimamishwa mwisho wa meza. Meza huamriwa kwenda na kurudi mara nyingi, kwanza polepole, kisha kwa kasi, na kila mara irudipo sifuri sindano husomwa. Kosa lenyewe hutoa ushahidi wa asili yake. Mota ya hatua inapoteleza hutua mahali palipo na mpangilio uleule wa sumaku, yaani huruka hatua nzima nne au mafungu ya nne. Katika mashine yetu hatua nne ni milimita 0.1, hivyo sindano ikionyesha 0.1, au 0.2, au 0.3, mota imeteleza, na fundi apunguze mchapuko au arudie jaribio la ucheleweshaji. Kosa likikua kwa idadi ya mageuko, bila kujali mwendo, mapigo yanatangulia ishara ya kugeuza upande, na muda wa kungoja uongezwe. Kosa likiwa lilelile baada ya safari moja na baada ya safari mia, kompyuta haina hatia yoyote. Fundi achukue spana, aifungue meza, na aitazame nati.