Jumapili za Watu wa Ridhaa

Filamu ya On Any Sunday, iliyotolewa mwaka 1971, ni mojawapo ya filamu chache za mashindano ya pikipiki ambazo hata mtu asiyejua kuiwasha pikipiki anaweza kuitazama hadi mwisho bila kuchoka. Mwongozaji wake, Bruce Brown, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa amekwisha kupata jina kwa The Endless Summer, filamu ya vijana wanaoteleza juu ya mawimbi. Hii ya pikipiki aliisimulia kwa sauti yake mwenyewe, na fedha zilitoka katika kampuni ya mwigizaji Steve McQueen, ambaye naye alikuwa mshindani. Ilifika hadi kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Nimeitazama mara nyingi, naipenda, na nina ugomvi nayo.

Kwanza niseme sifa zake. Brown anaanza na watoto juu ya baiskeli, wakinyanyua gurudumu la mbele na kuruka vichuguu vya udongo, kila mmoja akijiona bingwa. Kisha anatupeleka kwa wakubwa wao: jangwani, kwenye matope, kwenye barafu, kwenye mlima usiopandika. Kamera zimefungwa hata kwenye kofia za waendeshaji, na mtazamaji anaiona ardhi ikimjia usoni. Sehemu ninayoipenda zaidi ni mbio za mji wa Elsinore, California, ambako zaidi ya watu elfu moja wanaingia barabarani kwa pamoja. Mule ndani yumo McQueen mwenyewe, aliyekuwa na mazoea ya kujiandikisha kwa jina la bandia, Harvey Mushman, ili apate kuwa mtu kama watu. Yumo pia Malcolm Smith, mwenye duka la pikipiki, ambaye anaendesha huku anatabasamu kana kwamba ametumwa sokoni na hana haraka.

Wengi wa watu hawa hawalipwi. Kwa Kiswahili mchezaji wa namna hiyo tunamwita mchezaji wa ridhaa, na neno hili lina uzito kuliko tunavyolichukulia tukisoma kurasa za michezo. Ridhaa ni kukubali kwa moyo bila kusukumwa. Binti huulizwa ridhaa yake kabla ya kuozwa. Mgonjwa hutoa ridhaa kabla ya kupasuliwa. Ndugu wa neno hilo ni radhi, ile tunayoiomba kwa wazee kabla ya safari. Kwa hiyo mtu wa ridhaa si mtu anayecheza bure tu. Ni mtu aliyeulizwa, akasema ndiyo, huku akijua anakubali nini.

Ugomvi wangu na Brown upo hapo. Anatuonyesha raha ya ndiyo ile, lakini swali lenyewe halisikiki.

Nilipokuwa nikiishi California, jirani yangu mmoja, fundi wa mabomba, alinichukua niwe msaidizi wake katika mashindano ya klabu kwenye uwanja wa Willow Springs, ukingoni mwa jangwa la Mojave. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1953. Una urefu wa maili mbili na nusu na kona tisa, na upepo wa pale humsukuma mtu pembeni akiwa katika mwendo mkali kabisa. Jambo la kwanza alilofanya Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kuishusha pikipiki kwenye gari, lilikuwa kutia sahihi karatasi inayosema kwamba akiumia au akifa hatamdai mtu. Alitia sahihi huku anakunywa kahawa. Kisha tukapanga foleni ya ukaguzi. Mkaguzi alitazama breki, tairi, cheni, na ile nati ya kutolea oili, ambayo hufungwa waya ili isijifungue na kumwaga oili njiani mwa wenzake. Siku nzima tulishinda na spana mikononi. Kuendesha kwenyewe kulikuwa dakika chache tu. Tuzo aliyokuwa akiiwania ilikuwa kibao cha mbao, na ada ya kuingia alilipa yeye.

Mke wake hakuja. Alimfungia chakula, akamtaka apige simu jioni zote mbili.

Jumapili mchana, katikati ya mbio zake, bendera nyekundu zikapandishwa na gari la wagonjwa likaondoka. Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu, nayo ikalia. Nikapokea. Nilimwambia mke wake kwamba mbio zimesimamishwa, kuna mtu ameanguka, na bado sijui ni nani. Alinyamaza. Kisha akasema hatakata simu. Tulisubiri wote wawili bila neno, yeye jikoni kwake na mimi juani, mpaka nilipoiona namba ya mumewe ikirudi polepole pamoja na wengine. Aliyeanguka alikuwa kijana mwingine, aliyevunjika mtulinga. Baada ya nusu saa mbio zikaanza upya, na jirani yangu akavaa kofia yake akaingia tena.

Mtu wa upande wa pili wa simu ndiye asiyekuwapo katika On Any Sunday. Waendeshaji wanaanguka sana katika filamu hiyo, na mara nyingi msimulizi anatia utani, nasi tunacheka. Lakini hatupelekwi katika nyumba wanayosubiriwa.

Naam, Brown ana utetezi, na ni wa haki. Kwa miaka mingi sinema za Marekani zilikuwa zimemchora mpanda pikipiki kama mhuni. The Wild One ya mwaka 1953 ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Yeye alitaka kuonyesha mafundi, wenye maduka na baba wa watoto, na alifaulu. Huenda alihofu kwamba kilio kingewarudisha wale wanaosema mchezo huu ni wa vichaa. Hata hivyo, heshima anayopewa mtu kwa kufichiwa gharama yake ni heshima ya nusu.

Ajabu ni kwamba filamu yenyewe inamjibu mwongozaji wake. Mtu anayefuatwa kwa karibu zaidi ni Mert Lawwill, bingwa wa Marekani wa mwaka 1969, ambaye msimu wa 1970 alikuwa akiitetea namba 1. Yeye alikuwa akila kwa kazi hiyo, kwa hiyo si wa ridhaa kwa maana ya magazetini. Alikuwa fundi wa pikipiki yake mwenyewe. Inamharibikia, anaitengeneza, inamharibikia tena, na mwishowe ubingwa unakwenda kwa Gene Romero. Tunapomtazama kando ya injini iliyokufa, utani unapungua, na kwa mara ya kwanza tunaona uso wa mtu anayejua alichokubali. Ningeitoa nusu ya miruko yote ya filamu kwa dakika zile.

Mwisho, Lawwill, Smith na McQueen wanacheza na pikipiki ufukweni, bila namba wala saa. Ni picha tamu, na inakamilisha wazo la mwanzo, kwamba hawa wote ni watoto waliokua. Mimi silipokei wazo hilo. Mtoto hatii sahihi karatasi yoyote, wala hana mtu anayemfungia chakula huku akijua kilichoandikwa humo. Mtu akiniomba ushauri juu ya filamu hii humwambia aitazame bila kusita, ila asiitazame peke yake. Aketi na yule ambaye radhi yake ataihitaji Jumamosi asubuhi.