Kidole gumba cha Nyakato

Mama ninayenunua kwake samaki Nyakato hana haraka, hata saa moja asubuhi, wakati kijana wa pikipiki anashusha tenga huku injini bado inaunguruma. Anamlaza sangara ubavu, anaweka kidole gumba nyuma ya kichwa, pale nyama iliponona, anabonyeza, anaachia, anatazama. Shimo likijaa papo hapo, samaki anaingia kwenye beseni. Likibaki limebonyea kama alama kwenye unga wa chapati, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Nilidhani anapima uchafu au ubichi tu. Kumbe anasoma historia nzima.

Samaki akishakufa, misuli yake haijui bado. Inaendelea kutafuna akiba ya nguvu iliyobaki, na akiba ikiisha nyuzi zinashikana, mwili unakakamaa kama ubao. Baadaye vimeng'enya vya samaki mwenyewe vinaanza kukatakata kile kilichoshikana, na hapo ndipo ulaini unapoingia. Barafu haizuii safari hiyo, inaichelewesha. Ndiyo maana mama huuliza swali ambalo kwa muda mrefu nililiona la umbea: "Huyu wa nyavu au wa ndoano?" Sangara aliyehangaika wavuni usiku kucha amekwisha kuitumia akiba yake. Anakakamaa mapema, analegea mapema, hata kama barafu yake ni sawa na ya mwenzake.

Joto nalo lina kazi yake. Nyama ya samaki imepangwa tabaka kwa tabaka, na kati ya tabaka kuna utando mwembamba unaozishikanisha. Samaki akikakamaa juani, misuli inavuta kwa nguvu mpaka utando unachanika. Ukimpasua unakuta minofu imeachana, ina nyufa. Mama hahitaji kisu. Anapitisha kidole kutoka kichwani kuelekea mkiani, polepole, na mahali fulani kinasimama.

Ila kinachonishangaza zaidi ni friza. Maji ya ndani ya nyama yakiganda taratibu, hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazotoboa na kusukuma nyuzi. Barafu ikiyeyuka, maji hayarudi yote mahali pake. Viwandani hugandisha haraka sana ili chembe zibaki ndogo, kisha huhifadhi kwenye nyuzijoto -18 au chini yake. Friza ya dukani haina mbio hizo. Mama akibonyeza, unyevu unachomoza pembeni ya kucha. "Huyu kalala kwenye friza, mwanangu. Wanaleta wamekausha kwa kitambaa."

Wapo wanaolipwa mishahara kwa swali hilo hilo: kuhifadhi kumeibadilisha nyama kiasi gani? Anayetaka kujua kano au mfupa unabeba mzigo kiasi gani huufunga kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kuugandisha kwenye -20. Kano na mfupa huvumilia vizuri, msuli si sana. Na ini likitumbukizwa kwenye fomalini, kama vipande vinavyopelekwa maabara za hospitali, protini zake hufungwa pamoja hadi liwe gumu kama yai lililochemshwa. Kwa hadubini ni zuri. Kwa anayetaka kujua ini hilo lilikuwa laini kiasi gani tumboni, halina tena cha kumwambia. Kwa samaki wenyewe, kule Aberdeen, Uskochi, kituo cha utafiti cha Torry kilifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, kikabuni hata mashine za kupima ubichi. Kidole hakikustaafishwa, bado kimo kwenye vigezo vya wakaguzi.

Nilimwomba nijaribu. Nilibonyeza sangara wawili, nikaona mashimo mawili yanayofanana kabisa.

"Usiangalie shimo," akasema. "Angalia linavyorudi."

Nikabonyeza tena. La kwanza lilijaa mara moja. La pili lilianza vizuri, likasita, likamaliza kwa uvivu.

"Wa juzi?"

"Wa jana. Ila barafu iliwaishia njiani." Akamgeukia kijana. Kijana akacheka, akazima pikipiki.

Alishusha elfu mbili.