Ufuko, Ukingo na Mita 60

Neno likikosewa katika riwaya, msomaji huguna akaendelea kusoma. Likikosewa katika ilani ya kubomoa nyumba, mtu hukosa pa kulala. (Tunaandika ilani; notisi tunawaachia makarani.) Ndiyo maana safari hii tumeona vema tupime lugha anayoitumia mwanasheria wa halmashauri anapowaandikia wakazi wa kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, sehemu zilizokuwa za Wilaya ya Mbinga na ambazo tangu 2012 ni za Wilaya ya Nyasa.

Chimbuko la ilani hizo ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kinachokataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu ndani ya mita 60 kandokando ya bahari, ziwa au mto. Sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, mzigo wa kuisema kwa Kiswahili umewaangukia wafasiri.

Kwa upande wa mto hakuna ugumu. Katika milima ya Umatengo kila mtu huuona ukingo wa mto ulipo. Ziwani mambo ni mengine. Wapo wanaoandika "mita 60 kutoka ufukoni". Ufuko ni mchanga wote. Je, tuanze kuhesabu pale mchanga unapogusa maji, au pale unapokoma penye majani? Mahali penye mchanga mpana, tofauti hiyo peke yake yaweza kumeza safu nzima ya nyumba pamoja na vichanja vya dagaa. Wengine huandika "pwani", neno la watu wa maji kupwa na kujaa, ilhali Nyasa haipwi kwa saa: hupanda hadi mwisho wa mvua, Aprili au Mei, ikashuka hadi Novemba. Tena hubadilika kwa miaka. Mwaka 1915 ilikuwa imeshuka hata Mto Shire, ulio mlango wake, ukaacha kutiririka. Kifungu chenyewe hakisemi mita hizo zihesabiwe kwa maji ya mwezi gani.

Sisi twapendekeza "ukingo wa ziwa". Hata hivyo, mfasiri asijitwalie kazi ya mtunga sheria kwa kuongeza "maji yanapojaa", hata kama akili inamtuma hivyo.

Neno linalotukera zaidi ni "kudumu". Katika lugha ya ofisi, nyumba ya kudumu ni ya tofali za kuchoma na bati. Ya udongo na nyasi huitwa ya muda. Katika kifungu cha 57 linalotazamwa ni shughuli, si tofali. Mwandishi asipozitenga maana hizi mbili, mvuvi yule yule ataambiwa nyumba yake ni ya kudumu siku ya kubomolewa, na ya muda siku ya kuhesabiwa fidia. Hilo si kosa la Kiswahili, kwani lugha inayo maneno "makazi" na "jengo", na mwanasheria anayajua.

Basi ilani itaje jengo lipi, limepimwa tarehe gani, maji yalikuwa wapi siku hiyo, na vigingi vipigwe mbele ya serikali ya kijiji kabla karatasi haijatiwa sahihi.