Barua Yenye Nakala

Kompyuta humdekeza mwandishi. Huandika, akafuta, akaandika tena, na mwishowe akatuma kilichosalia. Taipureta haina ustahimilivu huo: herufi ikishagonga utepe, imegonga. Anayemwandikia mbunge wake kwa mashine hiyo hana budi kujua anachotaka kabla ya kugusa kitufe cha kwanza, na mheshimiwa husoma maneno ya mtu aliyekwisha kuamua.

Nawasifu walioijua kazi hii. Nje ya mahakama na ofisi za wilaya walikaa wapiga taipu wenye meza zao za mbao, wakisikiliza malalamiko ya nusu saa yanayoanzia kwenye mvua, yakapitia kwa shemeji, yakamtaja chifu. Kisha wakapiga mstari mmoja: KUH: UHABA WA MADARASA. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi. Anwani, tarehe na "Kwa Mheshimiwa" hata mtoto wa shule anavijua.

Kuna pia kujua wa kuandikiwa. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, zahanati na chekechea ni za kaunti, basi barua yake iende kwa mwakilishi wadi; shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, na hapo mbunge hana pa kujifichia. Mwenye jambo zito zaidi ana Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kanuni za Bunge la Taifa zinalikubali ombi lililoandikwa kwa mkono au kupigwa taipu, kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila marekebisho wala maneno yaliyochomekwa kati ya mistari. Sharti hilo la mwisho nalipenda. Mpiga taipu hodari hakuhitaji kanuni: akikosea hata kwenye mstari wa mwisho, alichomoa karatasi akaanza upya.

Ila utamu wote uko kwenye kaboni. Karatasi mbili, kaboni katikati, upande wenye wino ukitazama chini, zote zikapenyezwa kwenye rola na kunyooshwa kingo. Kitufe kikibonyezwa kwa woga, herufi haifiki karatasi ya pili. Barua yenyewe hubaki ofisi ya eneo bunge. Nakala hugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ikarudi nyumbani kwenye faili. Barua pepe nayo huacha kumbukumbu, sibishi, lakini jaribu kuipeperusha mbele ya umati.

Maana uchaguzi mkuu Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano, na majuma machache kabla yake mheshimiwa hushuka uwanjani, akaapa kwamba habari za madarasa hayo ndiyo kwanza anazisikia. Mwenye nakala huinua mkono, akaomba kipaza sauti.