Sifa kwa Mkono Unaopanga Gia

Kikorongo, nchini Uganda, karibu na mstari wa ikweta, barabara itokayo Mbarara hugawanyika. Mkono mmoja huenda Kasese, wa pili huelekea Bwera na mpaka wa Kongo pale Mpondwe. Baiskeli nyingi za njia hii ni zile ndefu za chuma zenye gia moja. Mzigo wa matoke ukiwa mzito na kilima kikianza, mwenyewe hushuka akaisukuma. Hapo ndipo thamani ya gia hujulikana. Haikipunguzi kilima hata hatua moja, ila humpa mtu kilima kinacholingana na magoti yake.

Ninamsifu anayezipanga gia hizo, na kazi inayomdhihirisha vizuri ni kubadilisha vishikio vya gia kwenye baiskeli ya kukunja. Chukua Brompton, ambayo Andrew Ritchie alianza kuibuni London katikati ya miaka ya 1970. Magurudumu ya ile ya asili ni ya inchi 16 tu. Ile ya gia sita ina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, na nje kuna vyuma viwili vya cheni, kimoja cha meno 13, kingine cha meno 16. Tatu mara mbili, sita. Kwa hiyo ina vishikio viwili na nyaya mbili. Katika matoleo ya mwaka 2017 vishikio viliunganishwa na mikono ya breki, vikakaa pale kidole gumba kinapovifikia bila mpanda kuuachia usukani.

Kukifungua kishikio cha zamani na kukifunga kipya ni kazi ndogo. Ufundi huanza kwenye waya. Baiskeli ikikunjwa, usukani hulala ubavuni na waya hupinda pamoja nao. Waya mfupi huvutika, mrefu hunasa. Fundi anayejua hakati chochote kabla ya kuikunja na kuikunjua baiskeli akiutazama waya unavyopita.

Kisha huja mkazo. Fundi huweka gia ya pili, huchungulia tundu la nati ya ekseli, na kukaza waya taratibu mpaka bega la kijiti kilichomo ndani lilingane na ncha ya ekseli. Kwenye habu za zamani za Sturmey-Archer aina ya AW, kati ya gia ya pili na ya tatu pana mahali pasipo na gia kabisa. Waya ukilegea, aliyesimama juu ya pedali akipanda kilima hujikuta anakanyaga hewa, na anaweza kuanguka. Uzima wa mtu unategemea mizunguko michache ya nati ndogo.

Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu. Fundi anapanga gia kwa ajili ya miguu isiyo yake, itakayopanda kilima yeye asipokuwepo. Lazima aulize: unabeba nini, unapita wapi, goti lipi linakuuma? Uangalifu huo haufungwi ndani ya boksi la kishikio kipya. Anao hata fundi wa kando ya barabara ambaye hajawahi kuiona Brompton, yule anayenyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza spoku moja na kulegeza nyingine, jicho likiwa kwenye mpira wa breki.

Sisi wateja tumezoea kulipia chuma kwa bei yake, kisha tukabishana juu ya malipo ya mkono. Tugeuze desturi hiyo. Tusimharakishe fundi. Tumwache aizungushe pedali, asikilize cheni, aipande mwenyewe. Waya mpya hulegea kidogo baada ya safari za mwanzo, na fundi mwema husema mapema, “Rudi niukaze tena.” Fundi wa namna hiyo anastahili kulipwa vizuri, na anastahili kijana wa kumrithisha kazi.