Taa ya dagaa na rezista iliyoachwa

Taa ya LED yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza mwanga, ambayo fundi mmoja wa Musoma ameitengenezea wavuvi wa dagaa, wengi mmeshaiona. Kazi nyingine zote ni safi: LED mbili za wati 1 zimeungwa mfululizo kwa betri ya volti 12, hitisinki inatosha, na chini ya LM317, aisi inayodhibiti mkondo, kuna maika. Lakini mahali pa rezista ya kupangia mkondo ameweka voliumu ya omu 10 peke yake. Hapo ameharibu.

Piga hesabu. LM317 hushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia, kwa hiyo mkondo ni 1.25 gawanya kwa omu. Omu 10 zinatoa miliampia 125. Omu 3.6 zinatoa karibu 350, na hicho ndicho kiwango cha LED hizo. Kuanzia hapo hadi sifuri, zaidi ya theluthi ya mzunguko wa kitasa, kila unapogeuza unaunguza. Sifuri yenyewe inaiachia aisi ipitishe zaidi ya ampia moja. Na kitasa kitageuzwa hadi mwisho: na mvuvi usiku wa giza ziwani, na mtoto anayesomea taa hiyo nyumbani Butiama. Kilitengenezwa kigeuzwe.

Voliumu nayo inateseka. Kwa miliampia 350 inabeba karibu wati 0.44, tena kwenye kipande tu cha njia yake ya kaboni, wakati nyingi za dukani hazifiki hata nusu ya hapo. Mafundi waliokulia kwenye redio za Philips na National walilijua hili: voliumu ya redio hupitisha mawimbi ya sauti, haipitishi umeme wa kuendesha mzigo.

Wapo watakaosema angetumia aisi ya PT4115. Kwa upande wa betri wana hoja, maana LM317 hapa inageuza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Ila hata PT4115 ina rezista yake ya kudumu inayoweka kikomo. Kitasa hupunguza tu kutoka hapo.

Robert Dobkin na wenzake wa National Semiconductor, miaka ya 1970, waliijengea LM317 ulinzi wake wa mkondo na wa joto. Aisi ikizidiwa inajizuia yenyewe. Karabai nayo, ukifungua kiskurubu cha upepo kupita kiasi, inafifia tu. LED haina ulinzi huo, na huendeshwa kwa mkondo, si kwa volti.

Tiba ni rezista moja ya omu 3.9, wati 1, mfululizo na voliumu hiyo. Mkondo hautavuka miliampia 320, utashuka hadi 90, na voliumu haitabeba zaidi ya wati 0.1 popote utakapoigeuza. Ndicho kipande cha bei ya chini kuliko vyote kwenye sakiti hiyo, kwa hiyo unafuu wa bei hauwezi kuwa sababu ya kukiacha. Kama unayo taa hii, Musoma au Bunda, mpelekee fundi aifungue na kuongeza rezista hiyo kabla ya giza la mwezi ujao.