Mwalimu wa Mtu Mmoja

Kijana anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania amesoma hesabu, sayansi na mengineyo kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kidato cha Kwanza kinampokea kwa Kiingereza karibu katika kila somo. Yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono sasa anajikunja nyuma ya mgongo wa mwenzake, akiomba asionekane. Anajua vizuri jinsi majani ya mmea yanavyotengeneza chakula, ila hajui aanzie neno gani kulieleza jambo hilo.

Nataka kumsifu mtu anayekaa na kijana huyo mezani kumfundisha Kiingereza, wawili tu, jioni baada ya shule. Huenda ni mwalimu anayelipwa, huenda ni dada mkubwa aliyetoka chuo, huenda ni mjomba aliyestaafu. Simzungumzii mwenye tuisheni ya vijana arobaini kwenye banda moja. Huyo ana kazi yake na ubao wake. Huyu wa mwanafunzi mmoja hana ubao wa kujificha nyuma yake. Akichoka, kijana anaona. Asiposikiliza, kijana anajua papo hapo.

Kazi inaanza kwa kuondoa hofu. Mtoto wa miaka 14 anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufeli, na akichapia neno moja darasani anaweza kupewa jina la utani litakalomfuata hadi Kidato cha Nne. Hofu hiyo ina historia. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kigikuyu karibu na shule alivyochapwa, au alivyovishwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumdhalilisha. Kijana aliyekaa mezani hajawahi kuliona bamba lile, lakini aibu yake anaijua. Ndiyo maana mwalimu hodari haanzi na zoezi la sarufi. Anaanza kwa Kiswahili, anauliza kijana anapenda nini, anaweza nini, na anasikiliza majibu kwa moyo wote, kwa sababu masomo ya miezi mitatu ijayo yamo humo.

Kama kijana anajua kurudisha mnyororo wa baiskeli uliochomoka, basi somo la kwanza ni hilo: amfundishe mwalimu wake, kwa Kiingereza. Mwalimu anainama kwenye baiskeli na kufanya kile tu anachoambiwa. Akiambiwa kushoto ilhali maana ni kulia, anakwenda kushoto. Kijana anacheka, anajisahihisha mwenyewe, na kosa hilo halimrudii tena kwa sababu ameliona likitembea mbele ya macho yake. Msichana anayesuka nywele atafundisha kusuka. Ninalipenda somo hili kuliko yote, kwa kuwa linamweka kijana mahali ambapo yeye ndiye mwenye ujuzi.

Kwa mpenda mpira, zima sauti ya televisheni umwache atangaze dakika tano, huku simu ikirekodi. Watangazaji wa Kiingereza hueleza mengi ya uwanjani kwa njeo ya sasa: anapokea, anatoa pasi, anapiga. Hapo ile herufi s ya mwishoni mwa kitenzi, ambayo mazoezi ya kitabuni yameshindwa kuikaza, inatakiwa kila baada ya sekunde chache. Rekodi ikishachezwa, mwalimu anyamaze. Kijana ndiye aseme wapi alijikwaa.

Lakini kuna zoezi moja la kale ambalo wengi wameliacha, nami natamani lirudi. Mwaka 1548 Roger Ascham alianza kumfundisha binti wa miaka 14 huko Uingereza, ambaye baadaye alikuja kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kitabu cha Ascham, The Scholemaster, kilitoka mwaka 1570 baada ya kifo chake, na kinaanza na mazungumzo ya wakati wa chakula mwaka 1563 katika kasri la Windsor, juu ya wanafunzi waliotoroka shule ya Eton kwa kuogopa viboko. Ascham alishika upande wa upole. Njia yake ilikuwa hii: mwanafunzi atafsiri kifungu cha Kilatini kwa Kiingereza, apumzike saa moja au zaidi, kisha bila kutazama kitabu akirudishe katika Kilatini, na mwalimu aweke maandishi yake kando ya yale ya asili walinganishe. Aliyejitahidi asikunjiwe uso.

Jaribu njia hiyo kwa aya moja fupi ya Kiingereza, kutoka kitabu kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala. Kijana aitafsiri kwa Kiswahili, kesho yake airudishe. Hapo ndipo lugha mbili zinapogongana waziwazi. Kijana ameandika kwa Kiswahili kwamba mtu amevaa shati jekundu, amekaa, amelala. Akirudi kwenye Kiingereza anatumia njeo ya tendo lililokwisha, kumbe asili inaeleza hali iliyopo sasa. Akimtaja bibi yake anatumia kiwakilishi cha wanaume, kwa kuwa neno yeye halikuwahi kumdai atenganishe wanaume na wanawake. Akiulizwa swali la kukanusha, kama hajala, anajibu ndiyo, na Mwingereza anaelewa kwamba amekwisha kula. Hakuna uzembe hapo. Kijana anafuata sawasawa mantiki ya lugha yake, na mwalimu anayeijua mantiki hiyo anaweza kumwonyesha njia panda ilipo. Wanaopiga marufuku Kiswahili katika somo la Kiingereza wanatupa kifaa bora walicho nacho.

Kusahihisha kunataka kujizuia. Katika saa moja kijana atafanya makosa thelathini. Mwalimu mzuri anarudisha matatu. Wengine huweka daftari la barua: kijana anaandika habari zake, mwalimu anajibu bila kalamu nyekundu, ila sentensi iliyopinda anaitumia kwenye jibu lake ikiwa imenyooka. Macho ya kijana hujifunza yenyewe. Zaidi ya yote, mwalimu akiuliza swali angoje. Ukimya wa kijana anayetafuta neno unamwuma mwalimu, naye hushawishika kumtilia neno mdomoni. Anayeweza kuuvumilia ukimya huo ameshaijua nusu ya kazi.

Mzazi, usidai alama mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wala usisimame mlangoni kusikiliza. Mpe mwalimu muhula mzima. Nawe uliyemaliza chuo na bado unasubiri ajira, huenda nyumba ya pili kutoka kwenu ina kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye tangu Januari hajasema neno darasani. Piga hodi, zungumza na wazazi wake, uanze naye wiki hii.